Boxer ya Bodaboda Sio Boxer: Stori ya Injini za Pikipiki na Watu Waliogoma Kuziacha

Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, iwe Tandale, Sinza, Githurai au Mwanza mjini, uliza chuma gani kinaaminika. Jina "Boxer" halichelewi kutajwa. Limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa na hakuna anayebisha. Ila kuna kitu cha kuchekesha hapo. Pikipiki hiyo ya Bajaj kutoka India haina injini ya boxer hata kidogo. Ina silinda moja tu, na pistoni moja inayopanda na kushuka, basi.

Boxer yenyewe ni kitu kingine kabisa. Ina silinda mbili zilizolala chali, moja kulia na nyingine kushoto, zimetokeza nje kama masikio. Pistoni zinatoka pamoja na kurudi pamoja, mfano wa mabondia wawili wanaogonganisha glovu kabla kengele haijalia. Ndo hapo jina lilipotoka. Kuna watu wanaipenda hiyo injini kiasi kwamba kiwanda kilipotaka kuiua, wateja walikataa, na kiwanda kikarudi nyuma. Wengine wakipewa boxer bure wataiuza kesho yake wakanunue V ya Kimarekani inayotetemeka kama mashine ya kusaga. Na wengine hawataki kusikia chochote zaidi ya silinda nne za Kijapani zinazolia kama king'ora.

Ugomvi huu umepita miaka mia, na kwa mtu wa nje unaonekana wa kijinga. Injini si injini tu? Petroli inaingia, moto unawaka, tairi linazunguka. Ila ukiangalia historia utaona viwanda vimekufa, ajira zimepotea na serikali zimeingilia kati, na sababu ikiwa hiyo hiyo: silinda ngapi, na zimekaaje.

Kwanza, jambo dogo la kifundi

Usikimbie, ni fupi. Injini nyingi za pikipiki ni za mipigo minne: kuvuta, kubana, kulipua, kutoa moshi. Ili hayo yote yatimie, krenki lazima izunguke mara mbili. Maana yake silinda moja inalipua mara moja tu kila mizunguko miwili. Ndo maana silinda moja inasikika ikipiga "du, du, du" na unaweza karibu kuhesabu.

Ukiongeza silinda ya pili, unakutana na swali: mlipuko wake uwekwe wapi? Ukiuweka katikati kabisa, sauti inakuwa imepangika. Ukiuweka pembeni, sauti inachechemea. Halafu kuna swali la pili, la mtetemo. Pistoni ni chuma kinachorushwa juu na kusimamishwa ghafla, maelfu ya mara kwa dakika. Kisipokuwepo kingine cha kukisawazisha, kinatikisa pikipiki nzima, mikono inakufa ganzi na nati zinalegea. Hakuna mpangilio unaoshinda kwenye kila kitu. Usawa unaulipia kwa upana, au kwa uzito, au kwa bei, au kwa sauti ambayo hakuna mtu anaipenda.

Kijerumani: injini ya watu waliokatazwa ndege

Mwaka 1919, baada ya vita kuu ya kwanza, mkataba wa Versailles uliikataza Ujerumani kutengeneza injini za ndege. BMW wakati huo ilikuwa kampuni ya injini za ndege. Ghafla wana mashine, wana mafundi, hawana kazi. Wakahangaika na breki za treni, halafu wakaunda injini ndogo ya boxer na kuwauzia viwanda vingine vya pikipiki.

Hizo pikipiki za mwanzo ziliweka injini vibaya. Silinda moja ilitazama mbele na nyingine nyuma, hivyo ya mbele ilikula upepo na ya nyuma ikachemka. Mhandisi mmoja aliyezoea injini za ndege akapewa kazi ya kutatua. Alichofanya ni kitu ambacho ukishakiona unajiuliza kwa nini wengine hawakukiona: akaigeuza injini kwa robo mduara. Sasa silinda zote mbili ziko nje, kulia na kushoto, kila moja inapata upepo wake. Na kwa kuwa krenki sasa inaelekea nyuma, akaunganisha shafti moja kwa moja mpaka kwenye tairi. Hakuna cheni ya kupaka mafuta wala ya kukatika.

Pikipiki hiyo, R32, ilionyeshwa mwaka 1923. Ilikuwa na cc 494 na nguvu za farasi 8.5, yaani ni dhaifu kuliko Boxer ya kijiweni ya leo. Lakini ilitulia. Pistoni mbili zinazokwenda pande tofauti kwa wakati mmoja zinafutana mtikisiko karibu wote. Na ina kituko chake: ukiwa umesimama ukazungusha mkono wa moto, pikipiki nzima inainama kidogo upande mmoja. Mgeni anaogopa. Mwenyewe anatabasamu.

Vita kuu ya pili ilithibitisha kwamba yule mhandisi alikuwa na hoja. Jeshi la Marekani liliitaka Harley-Davidson iunde pikipiki ya jangwani, na Harley, ndiyo, Harley hao hao wa V, wakanakili mpangilio wa BMW na kutengeneza boxer zipatazo 1,000 mwaka 1942. Zilipoa vizuri kuliko V yao. Vita ikahamia kwingine, mradi ukafa, wakarudi kwenye V na hawakugeuka tena. Warusi nao walinakili, Wachina wakanakili kutoka kwa Warusi, na pikipiki za Ural zenye kigari cha pembeni mpaka leo zinatembea na ukoo huo huo.

Kimarekani: kasoro iliyogeuka muziki

Harley walianza na silinda moja. Wamarekani walikuwa na barabara ndefu na walitaka nguvu zaidi, na fremu za wakati ule zilikuwa bado za kibaiskeli, zenye pembetatu katikati. Weka silinda mbili kwa umbo la V na zinajaa pale vizuri kabisa. V yao ya kwanza ilitoka 1909, ikasumbua, ikaondolewa. Ilirudi 1911 ikiwa imerekebishwa, na toka hapo haijaondoka.

Siri ya ile sauti iko kwenye ubahili. Silinda zimeachana kwa nyuzi 45, na konrodi zote mbili zimeshika pini moja ya krenki. Rahisi kutengeneza, nyembamba, bei poa. Ila matokeo yake ni kwamba milipuko haiachani sawa. Mmoja unafuatwa na mwingine baada ya nyuzi 315, halafu inabidi kusubiri nyuzi 405. Hiyo ndo "du-dum... du-dum" inayosikika kabla hujaiona pikipiki yenyewe. Wamarekani wanasema inatamka "potato, potato". Kiazi, kiazi.

Kwa mhandisi hiyo ni kasoro. Mtetemo uko pale, kioo cha pembeni kinaonyesha ukungu tu, na nguvu kwa kila cc ni ndogo. Lakini kwa mteja ile kasoro ni moyo unaodunda. Mwaka 1994 Harley waliomba serikali ya Marekani iisajili sauti hiyo kama alama yao ya biashara, ili asiwepo mwingine wa kuitumia. Washindani wakaja juu, mabishano yakachukua miaka sita, na mwaka 2000 Harley wakaachana na ombi. Fikiria hilo: mawakili wanalipwa miaka sita kubishania mlio wa ekzosi.

Wenye kejeli watasema ni matangazo tu, watu wanauziwa ubabe. Kuna ukweli hapo, ila hautoshi. Injini ya aina hiyo ina mvuto mzito chini chini. Kwenye barabara iliyonyooka kilomita mia nne, mtu hahitaji kubadilisha gia kila dakika wala kuipigisha injini kelele. Anakaa tu, inavuta. Barabara ya Kimarekani ndiyo iliyolea injini hiyo, na ukiipeleka kwenye vichochoro vya Tokyo inakuwa mzigo.

Kiingereza: walivyolala, wakaamka kumekucha

Mwaka 1937 Triumph walitoa Speed Twin, cc 498, silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Pistoni zote mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja, ila zinapokezana kulipua, hivyo kuna mlipuko mmoja kila mzunguko. Sauti imepangika, uzito haukuzidi sana ule wa silinda moja, na ilionekana nadhifu. Baada ya vita kila kiwanda cha Uingereza kikatoa ya kwake: BSA, Norton, Royal Enfield. Vijana wa London waliokuwa wakishindana kutoka mgahawa mmoja hadi mwingine miaka ya 50 na 60 waliishi juu ya injini hizo.

Tatizo ni kwamba pistoni mbili zinazorushwa pamoja zinatikisa kama pistoni moja kubwa. Kwenye cc 500 inavumilika. Wakapanda 650, halafu 750, na kila walipoongeza, mtetemo ukaongezeka. Taa ziliungua, nati zilidondoka barabarani, mafuta yalivuja hata injini ikiwa mpya. Mwaka 1967 Norton waliamua kuining'iniza injini nzima kwenye raba ili mpanda asiisikie. Ilifanya kazi kweli, lakini ni kama kumfunga mdomo mtu anayelia badala ya kumuuliza kinachomuuma.

Halafu Honda wakaja na CB750.

Iliingia sokoni 1969. Silinda nne zimepangwa mstari mmoja, farasi 67, kasi ya kilomita 200 kwa saa hivi, breki ya diski mbele, na unawasha kwa kubonyeza kitufe. Haikuvuja. Bei yake Marekani ilikuwa dola 1,495. Honda wenyewe hawakutegemea kitakachotokea. Walipanga kutengeneza 1,500 kwa mwaka, na muda mfupi baadaye ikawa 1,500 kwa mwezi, na bado haikutosha. Kawasaki wakajibu mwaka 1972 na Z1 ya cc 903.

Silinda nne za mstari zinalipua kila nusu mzunguko, bila kuchechemea. Pistoni mbili zikipanda, mbili zinashuka. Kinachobaki ni mtetemo mdogo wa haraka, ule unaowasha viganja ukishapita mwendo fulani. Na ukiifungua, sauti yake haidundi, inalia. Kwa kijana wa mwaka 1970 ilikuwa kama kutoka kwenye redio ya mbao kwenda kwenye simu ya kisasa.

Waingereza hawakuwa na jibu. Walikuwa na injini ya silinda tatu, na ilikuwa nzuri, ila ilichelewa na ilitengenezwa kwa mitambo iliyozeeka. BSA ikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 70. Kiwanda cha Triumph pale Meriden kilipotangazwa kufungwa mwaka 1973, wafanyakazi wakajifungia ndani, wakakikalia, na baadaye wakakiendesha wenyewe kama ushirika mpaka 1983. Walikuwa wakitengeneza nini? Injini ile ile ya silinda mbili bega kwa bega. Wanunuzi walikuwepo, wachache lakini waaminifu, watu walioijaribu Honda, wakakubali kwamba ni bora, na hawakuitaka.

Hilo "ni bora, na siitaki" ndilo linalowachanganya wachumi. Mpanda wa Norton aliyeamka mapema kukaza nati alikuwa anaijua pikipiki yake. Aliisikia. Honda ilikuwa haimuhitaji, na wapo walioitukana kwa kuiita cherehani. Cherehani ni kitu cha maana sana nyumbani, lakini hakuna anayekwenda kukitembeza Jumapili.

BMW wajaribu kuiua boxer

Sasa turudi Ujerumani, maana huku ndo kuna utamu wenyewe. Kufika miaka ya 80 mwanzoni, wakuu wa BMW waliangalia sokoni wakaona silinda nne za Kijapani zimetawala, na sheria za kelele na moshi zinabana. Boxer inayopozwa na upepo ilikuwa na umri wa miaka sitini. Wakaamua: basi, inatosha.

Mwaka 1983 wakaleta K100. Silinda nne, inapozwa na maji, mfumo wa petroli wa kielektroniki, na injini imelazwa ubavu kiasi kwamba watu waliibatiza "tofali linaloruka". Ilikuwa pikipiki nzuri. Farasi 90, imetulia, haifi. Mpango ulikuwa K ichukue nafasi ya boxer taratibu, na boxer kubwa za cc 1,000 zikaondolewa sokoni.

Wateja wakagoma. Hawakuandamana wala kuchoma tairi, waliacha tu kubadilika. Walikwenda kwa muuzaji, wakaiangalia K100, wakaisifia, wakauliza boxer zimebaki ngapi. Wazee waliokuwa wamevuka milima ya Alps mara thelathini walitaka ile ile wanayoweza kuifungua pembeni ya barabara, silinda ziko nje, unarekebisha valvu bila kubomoa chochote. Walitaka uzito ulio chini. Walitaka ile kuinama kidogo unapoiamsha asubuhi.

Mwaka 1986 BMW wakairudisha R100RS. Mwaka 1993 wakafanya ambacho miaka kumi nyuma kingeonekana kichekesho: wakazindua boxer mpya kabisa, R1100RS, valvu nne kila silinda. Leo pikipiki ya safari ndefu ya BMW, ile inayoonekana ikipita na mabegi ya bati kutoka Cairo kwenda Cape Town, kawaida ni boxer. Tofali linaloruka limeshaacha kutengenezwa siku nyingi.

Kodi, leseni na mfuko

Ila si kila upendo unatoka moyoni. Mwingine unatoka wizarani.

Mwaka 1983 Harley walikuwa karibu kuzama. Miaka miwili nyuma viongozi 13 wa kampuni walikopa na kuinunua kutoka kwa mmiliki aliyekuwa ameishusha ubora, na Wajapani walikuwa wamejaza maghala ya Marekani. Rais wa Marekani wa wakati huo akasaini ushuru wa ziada kwa pikipiki za nje zenye zaidi ya cc 700. Ulianza na asilimia 45 juu ya ushuru uliokuwepo. Wajapani wakafanya nini? Wakapunguza injini za 750 mpaka chini kidogo ya 700, wakaendelea kuuza. Harley nao wakapata pumzi, wakatoa injini mpya isiyovuja, na mwaka 1987 wakaomba wenyewe ushuru uondolewe kabla ya muda wake. V ya Kimarekani ipo leo kwa sababu watu waliipenda, sawa, lakini pia kwa sababu kuna karatasi ilisainiwa.

Japani kwenyewe, mfumo wa leseni ulikuwa mgumu kwa pikipiki kubwa, na zisizozidi cc 250 zilisamehewa ukaguzi wa mara kwa mara wa serikali. Kijana wa Osaka aliyetaka kulia kama silinda nne za mashindano lakini hana leseni ya kubwa akatengenezewa silinda nne ndani ya cc 250. Kila pistoni ni kama kikombe cha kahawa, na injini inazunguka mpaka karibu mara 18,000 kwa dakika. Nguvu ndogo, kelele za ajabu. Haina mantiki yoyote, na zilizobaki leo zinatafutwa kwa bei ya kutisha.

Waliotafuta kasoro kwa makusudi

Hapa ndipo stori inapindua meza. Wajapani walioshinda kwa ulaini wakagundua kwamba ulaini una dari. Honda walitengeneza V ya kuuzia Wamarekani, na kwa ufundi wao wakaisawazisha vizuri, haikutikisika. Wateja wakasema haina roho. Basi katikati ya miaka ya 90 Honda wakatoa Shadow ambayo krenki yake ilibadilishwa iwe na pini moja kama Harley. Nguvu zikapungua, mtetemo ukarudi, sauti ikachechemea. Yaani wahandisi walilipwa kuharibu kazi yao wenyewe ili ipendwe.

Yamaha walifika huko huko kwa njia nyingine, ya mashindano. Mwaka 2004 bingwa wa dunia, Mwitaliano aliyekuwa ameshinda mataji matatu mfululizo akiwa Honda, alihamia Yamaha wakati wengi wakisema anajizika. Wahandisi walimpa injini kadhaa ajaribu. Aliyochagua ilikuwa silinda nne za mstari ambazo milipuko yake haiachani sawa. Krenki ilipindwa ili pistoni zisipande mbili mbili. Sauti yake ni ya kukoroma, karibu na V.

Kwa nini? Waendeshaji wanasema tairi la nyuma linapata pumzi kati ya milipuko, kwa hiyo linashika badala ya kuteleza. Yamaha wana maelezo yao: pistoni zikisimama zote kwa wakati mmoja zinavuruga mzunguko wa krenki, na mpanda anashindwa kuhisi vizuri mkono wake wa moto unafanya nini kwenye tairi. Ukipanga krenki upya, vurugu hiyo inaisha. Mbio za kwanza za msimu zilifanyika Welkom, Afrika Kusini, tarehe 18 Aprili 2004. Mwitaliano akashinda, akaibusu pikipiki, na mwisho wa mwaka taji lilikuwa lake. Krenki ya aina hiyo iliingia kwenye R1 ya barabarani mwaka 2009.

Silinda mbili za bega kwa bega nazo zikafufuka kwa dawa hiyo hiyo. Yamaha waliipanga krenki ili milipuko iachane kama ya V ya nyuzi 90, ile ya Ducati. Unapata sauti ya Kiitaliano kwenye injini nyembamba na ya bei ya kawaida. Leo pikipiki nyingi za saizi ya kati zimefuata, hata Honda Africa Twin. Jina hilo lilizaliwa jangwani. Honda walishinda Paris-Dakar mara nne mfululizo, 1986 hadi 1989, kwa injini ya V, na Africa Twin za mwanzo zilikuwa V kweli. Iliporudi 2016 ilikuwa ya bega kwa bega, imefundishwa kuongea lafudhi ya V. Wengi hawakugundua.

Na ile moja ya kijiweni

Dakar hiyo hiyo, miaka miwili ya mwanzo, 1979 na 1980, ilishindwa na Yamaha XT500, silinda moja. Baadaye boxer za BMW zikatawala, halafu V za Honda. Leo kanuni zinataka injini isiyozidi cc 450, na wanaoshindana wanatumia silinda moja tena. Mchanga hauna heshima kwa silinda nyingi. Kila kilo ya ziada unaibeba mwenyewe ukianguka.

Dereva wa bodaboda anajua hilo bila kwenda Dakar. Plagi moja, kabureta moja, pistoni moja. Ikifa, fundi anaifungua chini ya mwembe na jioni mtu amerudi barabarani kutafuta hesabu ya bosi. Silinda mbili ni kila kitu mara mbili, na abiria wa Buguruni halipi zaidi kwa sababu injini imetulia. Kodi nayo imesukuma upande huo huo: Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, njia ilikuwa wazi, na zilizomiminika hazikuwa za silinda nne.

Lakini silinda moja nayo ina historia yake ya watu walioisikiliza. Miaka ya 70 Honda walituma wahandisi kwenye nchi za Asia kujua kwa nini pikipiki zao ndogo zinakufa mapema. Walichokuta ungekikuta Manzese pia: mtu anabeba familia nzima na magunia, oili haibadilishwi mpaka iwe kama lami, na taimingi cheni haikumbukwi. Huku kwao walijivunia teknolojia mpya ya kamshafti juu ya silinda. Wakaiacha. Mwaka 1976 wakatoa CG125, iliyorudi kwenye mtindo wa kizamani wa vijiti vinavyosukuma valvu kutoka chini, hakuna taimingi cheni ya kulegea wala kurekebisha.

Wachina wakaichukua injini hiyo, wakainakili, wakaikuza hadi 150 na 200, wakaijaza kwenye makontena. Sehemu kubwa ya pikipiki za Kichina zilizopita Afrika Mashariki kwa majina tofauti tofauti, zenye stika za moto na za tai, ndani zina ukoo wa CG. Ukienda kununua pistoni Kariakoo, au Nairobi kule Kirinyaga Road, muuza spea hahangaiki na jina lililoandikwa kwenye tenki. Anauliza tu, CG ya 125 au ya 150?